Kanada: Nunavut, jimbo ambako serikali ndiyo mwenye nyumba wa zaidi ya nusu ya wakaaji

Huko Nunavut, jimbo la kaskazini kabisa mwa Kanada, nyumba inafika kwa meli. Mbao, misumari, milango, madirisha, matangi ya maji: hakuna mti wa kukata huko, kila kitu kinatoka kusini. Na meli haipiti wakati wote. Barafu ya bahari inafunguka mwezi wa saba hivi, na mwezi wa kumi inaanza kufunga njia tena. Fundi akigundua kwamba sanduku moja limesahaulika, ataliagiza kwa ndege kwa bei ya kutisha, ama atangoje mwaka kesho.

Ukubwa wa jimbo hilo unakaribia ule wa Kongo yetu nzima, lakini hesabu ya watu ya 2021 ilikuta wakaaji 36 858 tu. Hawawezi hata kujaza komini moja ya Goma. Wametawanyika katika makao 25, na hakuna barabara inayotoka kijiji kimoja kwenda kingine. Umeme karibu wote unatoka kwenye mashine za mazutu, nayo mazutu inaletwa na meli hizo hizo. Wengi wa wakaaji ni Wainuit, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi.

Msomaji mwenye ndugu Toronto au Montréal amezoea kusikia habari za kutafuta nyumba, za mwenye nyumba mkali na bei inayopanda. Nunavut ni habari nyingine. Zaidi ya nusu ya wakaaji wanaishi katika nyumba za serikali, zinazosimamiwa na Shirika la Nyumba la Nunavut. Kodi inafuata mapato ya mtu. Kwa miaka mingi, asiye na kazi amelipa kiwango cha chini cha dola 60 za Kanada kwa mwezi. Ukisikia hivyo unaweza kusema watu hao wana bahati. Tatizo ni kupata hiyo nyumba.

Shirika lenyewe limekubali kwamba zinapungua nyumba zaidi ya 3 000. Katika inchi ya Wainuit kwa jumla, hesabu ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu yao wanaishi katika nyumba zilizojaa kupita kiasi. Babu, watoto wake wawili walioolewa, wajukuu, wote katika vyumba vitatu, na mahali pengine watu wanalala kwa zamu. Nje baridi inaweza kushuka chini ya digri 40 chini ya sifuri, kwa hiyo madirisha hayafunguliwi. Pumzi ya watu wengi inageuka maji ukutani, maji yanaleta ukungu mweusi, na kifua kikuu kinapata njia. Mwaka 2018 serikali ya Kanada iliahidi kumaliza ugonjwa huo kwa Wainuit ifikapo 2030. Madaktari wanajua kwamba dawa peke yake haitatosha mahali ambapo mgonjwa hana chumba chake.

Ilifikaje hapa? Zamani Wainuit hawakuhitaji nyumba ya mtu. Walihama na familia zao wakifuata wanyama, wakikaa katika mahema ya ngozi wakati wa joto na nyumba za theluji wakati wa baridi. Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ya Ottawa iliwavuta kukaa pamoja karibu na shule na vituo vya afya. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, iliyoundwa na Wainuit wenyewe, ilikusanya ushuhuda wa wazee waliosema waliahidiwa nyumba za bei ndogo sana, na kwamba wengine walitishwa kunyimwa msaada wa familia kama watoto hawataenda shule. Walipofika, wengi walikuta vibanda vidogo visivyofaa baridi ile, ama hawakukuta kitu. Tofauti na nyumba za OCA ambazo Wabelgiji walijenga Bukavu au Lubumbashi, huko hapakuwa na mji wa kuzunguka wala soko la kukodisha ambalo mtu angekimbilia. Serikali ilibaki peke yake kama mwenye nyumba.

Kisha mwenye nyumba huyo akachoka. Mwaka 1993, ili kupunguza deni la inchi, Ottawa ilisimamisha pesa za kujenga nyumba mpya za aina hii. Nunavut ilipozaliwa kama jimbo tarehe 1 Aprili 1999, ilirithi nyumba zilizochakaa, vijana wengi wanaooa, na bajeti ambayo sehemu yake kubwa kabisa inatoka kwa serikali kuu.

Pesa zilirudi kwa vipande. Mwaka 2006 Ottawa ilitoa dola milioni 200 kwa mpango wa kujenga nyumba zaidi ya 700. Kazi ilianzishwa kwa haraka katika vijiji vingi kwa wakati mmoja, gharama za usafiri na mafundi zikahesabiwa vibaya, na mwaka 2010 ikagunduliwa kwamba mpango ulipita bajeti. Pengo lilifika milioni 110, nalo likazibwa na kasha la jimbo. Hayo ndiyo matunda ya pesa zinazokuja mara moja na kukatika: kila mmoja anakimbilia kuzitumia kabla meli haijaondoka.

Lakini naona hatari kubwa iko kwingine, katika mkataba ambao haupigiwi kelele sana. Ottawa inasaidia pia kulipa matunzo ya nyumba za zamani, na msaada huo unapungua mwaka hata mwaka mpaka utakapofika sifuri mwaka 2037-2038. Wakati huohuo kila nyumba mpya inaongeza mazutu, gari la kuleta maji, gari la kuondoa uchafu, na fundi wa kutengeneza mashine ya joto ikizimika usiku. Kodi ya dola 60 haiwezi kubeba mzigo huo.

Oktoba 2022 serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa Nunavut 3000: nyumba 3 000 ifikapo 2030, zile za serikali pamoja na nyingine za bei nafuu na za kuuza. Nyumba 2 000 kati yake zimepewa kampuni ya Wainuit, NCC. Mwaka huohuo Ottawa ilipanga dola milioni 845 kwa miaka saba kwa nyumba za Wainuit wa majimbo yote, zikipitia mashirika yao wenyewe. Wainuit walidai njia hiyo kwa miaka mingi, wakisema mtu wa Ottawa hajui theluji inarundikana upande gani wa mlango.

Nani anapata funguo? Kila kijiji kina ofisi yake ya nyumba, na waombaji wanapewa alama kulingana na shida zao. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Kanada, Karen Hogan, alichunguza kazi hiyo. Ripoti yake ilisema shirika halikuhakikisha kwamba nyumba zinatolewa kwa usawa kwa wanaozihitaji zaidi, halikufuatilia vya kutosha ofisi za vijiji wala hali ya nyumba, na habari kuhusu maendeleo ya Nunavut 3000 hazikuwa wazi. Katika kijiji cha watu elfu moja, ambapo kila mtu anamjua mwenzake, orodha isiyoeleweka inaleta maneno mengi. Na maneno yanazidi pale ambapo mwalimu au muuguzi anayetoka kusini anapewa nyumba ya kazi anaposhuka ndege, wakati mzaliwa wa hapo bado analala sebuleni kwa dada yake.