Fahamu: Mwarobaini ni wa kumwogeshea mtoto, si wa kumnywesha

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mwarobaini hauko mbali na mlango. Mama huchuma majani machache, huyachemsha mpaka maji yabadilike rangi, huyaacha yapoe, kisha humwogesha mtoto mwenye upele. Si imani tupu: maabara zimeonyesha majani hayo hudhoofisha baadhi ya bakteria na fangasi.

Kumnywesha ni hatari.

Nchini Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini wakatapika, wakashikwa na degedege, na wengine wakafariki. Kabla ya miezi 6, mtoto apewe maziwa ya mama pekee. Upele ukitoa usaha au ukiandamana na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.