Bia inayoitishwa na wote, ndiyo tamu kupita zingine?



Mwaka jana, mwezi wa kumi, mtoto mmoja wa darasa langu la tano alikosa masomo majuma matatu. Alirudishwa nyumbani juu ya minervali. Mama yake ni mwenzetu wa kikundi, anauza samaki wakavu sokoni, na mbele ya hapo hakuchelewa kulipa hata mara moja. Nilipomwuliza, alitazama chini akasema: "Madamu, feza ya masomo ilienda katika bia."

Hakuinywa yeye. Mwana wake wa kwanza alikuwa anaoa, na msichana aliyemwoa ni mdogo wangu wa tumbo moja. Katika karatasi ya mahari, upande wetu uliandika kazie sita za bia, na jina la bia likaandikwa. Wao walileta kazie sita za jina lingine, kwa sababu ndiyo waliyoikuta kwenye depo siku ile. Mjomba wetu akatazama zile kazie, akakunja mikono, akasema: "Hii si bia ya kupokelea wakubwa. Hii ni maji ya watoto." Mama yule akatoka nje na kanga yake mkononi, akarudi kisha saa mbili na kazie zingine sita juu ya pusipusi. Feza aliyolipa ilikuwa ile ya shule.

Mimi nilikuwa nimekaa pale karibu na mlango, na sikusema neno. Ndiyo sababu ninaandika leo.

Toka siku ile nimejiuliza: ile bia inayoitishwa na wote katika mji, ni tamu kweli kupita zingine? Ao ni jina tu tunalokunywa?

Ulimi bila jina

Jambo hili watu wamelipima zamani. Mwaka 1964, watafiti wawili wa Marekani, Allison na Uhl, waliandika juu ya kazi waliyofanya na wanywaji wa bia zaidi ya 300. Kwanza waliwapelekea nyumbani chupa zisizo na jina, wakaomba wazipe alama. Kisha wakawapelekea bia zile zile zenye majina yao. Chupa zilipokuwa bila jina, wanywaji kwa jumla hawakuweza kutofautisha bia, hata mtu hakuipa bia yake mwenyewe alama kubwa kupita zingine. Majina yalipoonekana, alama zikapanda, na kila mtu akaisifu ile aliyozoea kununua.

Mwaka 2006 wengine walifanya jambo la kuchekesha, karibu na mji wa Boston. Walitia matone ya siki, ile tunayoita vinegre, katika bia. Watu walioambiwa mbele ya kuonja waliikataa wengi wao. Wale walioonja kwanza, kisha wakaambiwa, waliipenda karibu sawa na wale ambao hawakuambiwa kitu. Kinywaji kilikuwa kile kile. Habari ilipotangulia, ulimi uliifuata.

Sisi pia tulijaribu, nyumbani kwangu, siku ya posho baada ya mkutano. Nilinunua bia mbili za rangi moja, zinazouzwa sana hapa Lubumbashi, nikaziweka katika frigo moja toka asubuhi. Kila muonjaji alipewa makopo matatu yaliyofanana: mawili yalikuwa na bia moja, la tatu lilikuwa na bia ingine. Kazi yake ilikuwa kusema ni kopo gani lililo tofauti. Walioonja walikuwa kumi na mmoja: wamama saba, wabwana watatu, na mjomba wetu, niliyemwalika kwa heshima na kwa sahani ya kuku. Wamama wasiokunywa, wenye mimba na wanaonyonyesha hawakuonja. Wao waliandika majibu.

Waliopata ni wanne. Mtu anayebahatisha akifunga macho atapata mara moja kwa kila mara tatu, basi kwa watu kumi na mmoja ningengoja watatu ao wanne. Ni sawa na kubahatisha.

Mjomba alikuwa kati ya wale wanne. Ulimi wake ni mzuri, sitamnyima haki. Lakini nilipomwuliza katika ile tofauti ni ipi bora, alionyesha kopo bila kusita: "Hii ndiyo yetu." Ilikuwa ile aliyoiita maji ya watoto. Nilipomwonyesha chupa, alinyamaza kidogo, kisha akasema frigo yangu haifanyi baridi sawasawa. Wote tukacheka, yeye pia.

Jina linatoka wapi?

Kama ulimi hautambui vizuri, kwa nini bia moja inashinda zingine? Mimi naona njia nne.

Ya kwanza ni barabara. Chupa yetu kubwa ya sentilita 72 ao 73 ni nzito, na tupu yake inapaswa kurudi kiwandani. Katika inchi yetu, kusafirisha kazie mbali ni gharama kubwa. Bia ya kiwanda cha karibu inafika mapema, inafika nyingi, na haikosekani siku ya kilio. Huku Katanga wazee wetu walikulia na Simba na Tembo. Ndugu wa Kinshasa, Kisangani na Bukavu wanakuapia Primus. Hakuna Mungu aliyegawanya ndimi kwa majimbo. Ni viwanda na barabara.

Ya pili ni kelele. Katika miaka ya 2000, huko Kinshasa, Primus na Skol zilishindana sana kwa kutumia wanamuziki wakubwa, kama vile Werrason na JB Mpiana. Mtu alichagua chupa kwa kufuata mwimbaji anayempenda. Hata leo tazama kuta za bistro, meza, viti, mwavuli: vimepakwa rangi ya bia moja. Mwenye bistro anapopewa frigo na kiwanda, ni bia ipi itakayokuwa baridi? Na kwa joto la mwezi wa kumi, bia ya baridi inaishinda bia bora iliyo moto.

Ya tatu ni heshima. Wakati wa Wabelgiji, Mwafrika wa kawaida alikatazwa divai na pombe kali, lakini bia aliruhusiwa. Kiwanda cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na Primus ya kwanza ikatoka mwaka 1926. Bia ya chupa ikawa kinywaji cha mtu wa mshahara, na munkoyo na kibuku vya mama vikabaki kinywaji cha kijiji. Ile fikra haijatutoka. Ndiyo sababu mtu anaona haya kupokea wakwe bila chupa yenye jina kubwa.

Ya ine ni mazoea. Nani kati yetu aliyependa bia siku ya kwanza? Ni chungu. Ulimi unafundishwa polepole, na unafundishwa na ile iliyokuwa juu ya meza ya baba. Ni kama bukari: aliyelelewa na bukari ya mahindi anasema ya mihogo inanata, na wa mihogo anasema ya mahindi inakwaruza. Kila mmoja anasema kweli juu ya utoto wake.

Wengi hawakosei kila mara

Lakini tusiende mbali kupita kweli. Bia inayopendwa na wengi si lazima iwe mbaya. Kama kiwanda kingetoa chupa chachu leo na chupa ya maji kesho, watu wangeiacha, hata mwimbaji aimbe mpaka asubuhi. Kutoa kitu kile kile kila siku, safi, bila kubadilika, ni ufundi mkubwa. Mama anayepika munkoyo anajua ginsi ilivyo kazi kupata utamu ule ule mara mbili.

Tena bia si divai ya kuwekwa miaka. Hii ya rangi ya manjano inapendeza ikiwa mpya. Ile inayouzwa upesi haikai kwenye depo, basi mara nyingi inakufikia ikiwa mpya kuliko ile iliyosahauliwa nyuma ya duka. Hapo kupendwa kunaleta uzuri, si uzuri unaoleta kupendwa.

Mtu anayetaka kujua uzuri wa bia, atazame mambo haya. Bia inafanywa na maji, nafaka, chachu, na maua machungu yanayoitwa ubloni. Nafaka ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Viwanda vingi vinaongeza mchele ao mahindi, ambayo yanaifanya iwe nyepesi. Mwanga wa jua unaharibu ubloni na kuleta harufu mbaya. Chupa ya rangi ya udongo inakinga kupita chupa ya kijani ao nyeupe. Basi kazie iliyoshinda juani imeharibika, hata jina lake liwe kubwa namna gani. Tazama tarehe. Na jua kwamba baridi kali inaficha ladha: bia mbaya inanyweka ikiwa barafu. Iache dakika kidogo katika kopo, ndipo utaijua.

Sifa ingine isiyo ya kweli

Kuna sifa moja inayotuhusu sisi wamama moja kwa moja. Tumesikia toka kwa mama zetu kwamba bia nyeusi inaongeza damu, na kwamba mzazi akinywa chupa moja maziwa yanajaa. Weusi ule unatoka katika nafaka iliyochomwa sana, kama kahawa inavyochomwa. Hauongezi damu. Na maziwa, watu waliopima wameona kinyume: katika saa zinazofuata, mama aliyekunywa pombe anatoa maziwa kidogo kuliko kawaida, na pombe inapita ndani ya maziwa mpaka kwa mtoto.

Tufanye hesabu kidogo, mnisamehe mimi ni mwalimu. Chupa ya sentilita 72 yenye pombe ya 5 kwa mia ina mililita 36 za pombe tupu, karibu gramu 28. Ni sawa kwa chupa yenye jina kubwa na kwa ile iliyodharauliwa. Mwanzo wa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kipimo cha pombe ambacho mtu anaweza kusema hakina hatari kwa afya. Kwa mwenye mimba shauri ni moja: asinywe hata kidogo, kwa sababu pombe inaweza kuharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mwenye kuhitaji damu apewe lengalenga, maharagi, ndagala, na vidonge vya chuma pale anapopimiwa mimba.

Basi, tufanye nini?

Sisemi watu waache kufurahi siku ya ndoa. Mimi mwenyewe kopo moja siku ya sikukuu sikatai. Ninasema tusiuze kiti cha mtoto shuleni kwa kununua jina ambalo ulimi wetu hauwezi kulitambua katika kopo.

Katika kikundi chetu tulipatana mambo matatu, na ninyi wengine mnaweza kuyazungumza. Kwanza, tunapoandika karatasi ya mahari upande wetu, tutaandika kazie ngapi, hatutaandika jina. Familia italeta kile inachoweza. Pili, nusu ya vinywaji iwe sukari ao munkoyo uliopikwa na wamama wa kikundi, na feza yake ibaki kwetu. Tatu, feza ya likelemba iliyotengwa kwa masomo haiguswi kwa kilio wala kwa ndoa, hata mjomba akunje mikono.

Juu ya lile jambo la tatu, wamama wawili walikataa. Mmoja alisema: "Madamu, wewe unasema hivyo kwa sababu una mshahara. Mimi bwana yangu akiaibishwa mbele ya wakwe, nani atanilinda nyumbani?" Sikuwa na jibu zuri. Tuliacha neno lile wazi, tutalirudilia mwezi ujao. Ninaamini jibu haliwezi kutoka kwa mama mmoja peke yake. Linapaswa kutoka kwa wengi, ili aibu ikose fasi ya kukaa.

Mtoto yule alirudi darasani. Kikundi kilimkopesha mama yake, na sisi wa upande wa bibi arusi tulilipa nusu ya deni. Mjomba wetu alitoa sehemu yake bila kuombwa mara mbili. Lakini masomo ya majuma matatu, hasa hesabu za sehemu, bado tunayatafuta naye kila siku ya tatu baada ya kengele.

Siku ya posho inayokuja, ukipata nafasi, jaribu na watu wa nyumba yako: makopo matatu, bia mbili, majina yafichwe. Kisha utuletee majibu kwenye mkutano.