Je, Wajua? Jeni Mbili, Hakuna Inayomezwa

Je, wajua kwamba si kila mara jeni moja huifunika nyenzake? Mkazi wa Voi mwenye damu ya kundi AB amerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine, na alama zote mbili ziko kwenye chembe zake nyekundu, kila moja kamili. Huo ni utawala wa pamoja. Utawala nusu huchanganya: ua jekundu la snapdragoni likichavushwa na jeupe, miche hutoa maua ya rangi ya waridi.

Mfano unaotugusa zaidi ni ugonjwa wa damu wa selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria.

Ukipima himoglobini ya mwenye jeni moja ya selimundu, utakuta aina zote mbili, ya kawaida na ya selimundu: utawala wa pamoja. Ukitazama chembe zenyewe, hujipinda tu oksijeni ikipungua sana, yaani hali ya katikati: utawala nusu. Jeni ni ileile; jina hutegemea unapotazama.

Wachumba, mpimwe selimundu mapema. Wazazi wawili wenye jeni moja kila mmoja wana uwezekano wa 1 kati ya 4, katika kila mimba, wa kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe.