Kenya: Mchango wa umma haulipii chai ya wanachama

Mkazi wa Nairobi anayechangia harambee ya klabu ya Lions ana haki ya kujiuliza iwapo shilingi zake zitamfikia mgonjwa. Kanuni za chama hicho, kilichoasisiwa Marekani mwaka 1917, zinazitaka klabu zitenganishe mifuko miwili. Ada za wanachama hugharimia mikutano na uendeshaji. Michango ya umma, ikishaondolewa gharama za harambee yenyewe, hurejea kwa umma. Miongoni mwa wanaonufaika ni wagonjwa wa mtoto wa jicho wanaotibiwa katika hospitali ya macho ya Lions, Loresho. Vijana nao, kuanzia miaka 12, huunda klabu za Leo. Humo hawangoji misaada, bali huichangisha wenyewe. Anayetilia shaka na aulizie hesabu za mfuko wa pili.