Njia Ndefu ya Kurukia, Mizigo Barabarani

Uwanja wa Ndege wa Mwanza uko Ilemela, ufukweni mwa ziwa, lakini anayetaka kuielewa hali yake afike Kisesa, nje kidogo ya jiji. Hapa, chini ya mawe ya Bujora, inapita barabara ya Musoma. Malori ya ubaridi yaliyopakia minofu ya samaki kwenye viwanda vya mjini hupita yakielekea Magu, Bunda, hadi mpakani Sirari, yakiwahi ndege Nairobi. Magari ya watalii nayo hupita hapa hapa, yakienda au kutoka lango la Ndabaka la Serengeti, na wengi wa waliomo hawakushukia Mwanza. Kama kuna mtaji ambao uwanja huu ungeweza kuutambia mbele ya viwanja vingine vya mikoani, ni samaki na Serengeti. Vyote viwili vimeshika lami.

Nikisema uwanja umeporomoka, wapo watakaoshangaa. Watanionyesha njia ya kurukia yenye urefu unaozidi kilometa 3, mnara mpya wa kuongozea ndege, ujenzi wa jengo jipya la abiria, na ndege za jeti za ATCL, yaani Air Tanzania, zinazotua huko. Yote hayo ni kweli, na siyapingi. Kilichoporomoka ni kazi ya uwanja. Kulikuwa na wakati mzigo uliotoka Mwanza ulipaa Mwanza na kushuka nje ya nchi. Leo uwanja ni mwisho wa njia inayoanzia Dar es Salaam, na anayetaka kwenda nje ya nchi aanze kwa kurudi huko.

Historia yake ina kejeli. Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilipofungua safari yake ya kwanza ya kila wiki kutoka London kuja Afrika ya kati, kituo cha mwisho kilichoandikwa kwenye ratiba kilikuwa Mwanza. Nairobi haikuwamo, Dar es Salaam haikuwamo. Heshima hiyo haikumaliza mwaka. Januari 1932 njia ilipoendelezwa hadi Cape Town, ilikatia Kisumu, ikapita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa pembeni, kwa sababu ambayo imeendelea kuiandama hadi leo: iko mahali pazuri kwa mtu anayeshughulika na ziwa, na mahali pa kuzungukia kwa mtu mwenye haraka ya kwenda mbali.

Shirika la East African Airways lilijua kulitumia ziwa. Ndege zake za DC-3, na baadaye Fokker Friendship, ziliunganisha Nairobi, Musoma, Mwanza, Bukoba na Entebbe kama shanga kwenye uzi mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo likafa. Kila nchi ikaunda lake, na kila shirika likajenga kiota katika jiji lake kuu. Air Tanzania ilizaliwa ikitazama Dar es Salaam. Mpaka uliochorwa katikati ya maji, ambao mvuvi wa Ukerewe huuvuka bila kuuona, ukageuka ukuta kwa rubani.

Kisha akaja sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika upande wetu miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga kandokando ya maji kuanzia mjini hadi Ilemela. Hapo ndipo uwanja ulipopata enzi yake ya pekee. Ndege kubwa za Kirusi aina ya Ilyushin 76, zenye injini nne na tumbo la kumeza zaidi ya tani 40 kwa mara moja, zikawa wageni wa kawaida. Watu wa mjini waliwaita wafanyakazi wa ndege hizo Warusi, hata pale walipokuwa Waukraine au watu wa Moldova. Nyuma ya kila ndege kulikuwa na msururu wa watu wanaokula kwayo: makuli wa kupakia maboksi, madereva, mawakala wa forodha, wauza barafu, wenye nyumba za wageni, wenye baa. Mnofu ulikwenda Ulaya na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya mnofu kutolewa, yalibaki kukaangwa na kuuzwa mitaani. Siyataji mapanki kwa kuionea huruma nafsi yetu. Nayataja kwa kuwa yalikuwa biashara halali yenye wateja wake, na nayo ilitegemea ndege.

Biashara hiyo ilikuwa na miguu ya udongo tangu mwanzo. Mwishoni mwa 1997 soko la Ulaya lilifungwa kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 lilifungwa tena, mara hii kwa sababu kulikuwa na wavuvi waliotumia sumu. Tarehe 23 Machi 2005, Ilyushin 76 ya kampuni ya Moldova iliruka Mwanza na takriban tani 50 za minofu, ikielekea Khartoum kisha Osijek nchini Kroatia. Ikaanguka ziwani muda mfupi baada ya kuacha ardhi. Watu wote 8 waliokuwamo walikufa. Mwaka uliotangulia, Hubert Sauper alikuwa ametoa filamu yake ya Darwin's Nightmare, iliyodokeza kwamba ndege hizo hazikuwa zikija tupu, bali zilihusika na silaha za vita vya Maziwa Makuu. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza watu waliandamana kuipinga.

Mabishano juu ya filamu hiyo yalichukua nafasi kubwa mno. Tulibishana kama ndege zilileta bunduki au hazikuleta, tukasahau swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeanza nalo: kwa kawaida, ndege inayofuata minofu Mwanza inakuja na nini? Ikija tupu, mnofu unalipia safari mbili, ya kuja na ya kwenda. Ilyushin zenyewe zilikuwa ndege kuukuu zinazokunywa mafuta bila huruma. Bei ya mafuta ilipopanda katikati ya miaka ya 2000, hesabu ikakataa.

Nairobi na Entebbe ziliishinda Mwanza hapo hapo. Kila usiku ndege kubwa za abiria huruka kutoka miji hiyo kwenda Ulaya na Ghuba, na chini ya miguu ya abiria kuna nafasi ya mizigo ambayo, isipojazwa, inakwenda bure. Kilo ya mnofu ikipanda humo hulipa nauli ndogo kuliko kwenye ndege iliyokodiwa mahsusi. Hata ndege za mizigo zinazotua Nairobi zina maua ya Naivasha na mboga za Mlima Kenya za kuchangia gharama. Samaki ni abiria mmoja kati ya wengi. Mwanza ina samaki peke yake. Siku kiwanda kikikosa tani za kutosha, ndege nzima inasubiri. Na tani zimezidi kukosekana: sangara wamepungua na kupungua ukubwa, viwanda kadhaa vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake, na ziwa sasa linatoa dagaa wengi kuliko sangara. Dagaa hapandi ndege. Anakwenda kwa lori kutoka Mwaloni Kirumba hadi Kongo.

Wapo wanaosema mabondo yangeokoa jahazi, kwa kuwa Hong Kong na China hulipia vibofu hivyo vya hewa vya sangara pesa nyingi kuliko mnofu. Thamani ipo, ila uzito haupo. Bondo lililokaushwa ni jepesi kama karatasi ngumu, na shehena ya mamilioni haijazi hata kona ya tumbo la ndege. Uwanja unaishi kwa uzito.

Tazama safari ya mnofu wenyewe. Sangara anavuliwa usiku karibu na Ukerewe, analazwa kwenye barafu ndani ya mtumbwi wa kukusanyia, anafika kiwandani baada ya siku moja au zaidi. Anachunwa, anakatwa, anapozwa hadi karibu na nyuzi sifuri, anapangwa kwenye maboksi meupe mepesi. Kuanzia hapo ana siku chache za kuuzwa akiwa mbichi, na kila saa anayokaa barabarani inatoka kwenye muda wa mwenye duka huko Uhispania au Uholanzi, ambaye naye anajua kupunguza bei. Lori la Nairobi linapita hapa Kisesa. La Entebbe linazunguka ziwa kwa upande wa magharibi hadi Mutukula. Zamani lori la upande huo lililala kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la Busisi limefunguliwa na lori linavuka kwa dakika chache. Ni daraja la manufaa makubwa na silionei kijicho, lakini kwa uwanja wa Mwanza limefanya jambo ambalo sijasikia likitajwa kwenye hotuba: limeisogeza Entebbe karibu.

Upande wa abiria, mambo yanaonekana mazuri kwa mbali. Fastjet ilipoanza Novemba 2012, Mwanza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake viwili vya kwanza kutoka Dar es Salaam, na nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu ambao hawakuwahi kupanda ndege walipanda. Mwenye duka la vipuri pale Nyamagana aliweza kwenda Kariakoo asubuhi na kulala kwake jioni. Mwishoni mwa 2018 Fastjet ikasimama, na nauli za namna ile hazikurudi. ATCL, iliyofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege za Q400, ilichukua nafasi. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus zake zilipolazwa chini kwa ubovu wa injini, ratiba zilivurugika. Mfanyabiashara mdogo alikwisharudi kwenye basi, na tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku kucha mwaka 2023, hana sababu kubwa ya kuliacha.

Linalonikera zaidi ni ramani. Kutoka Mwanza hadi Entebbe kwa anga hazifiki kilometa 300, karibu zote juu ya maji. Asiyetaka kuzunguka ziwa kwa basi huruka zaidi ya kilometa 800 kwenda Dar es Salaam, ambako ni upande mwingine kabisa, ndipo ageuze. Precision Air iliwahi kuruka moja kwa moja Mwanza na Nairobi. Leo mkoa wenye watu zaidi ya milioni 3.6, jirani wa mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, hautoi safari ya kudumu ya kuvuka ziwa kwenda nchi jirani inayostahili jina hilo. Auric Air, kampuni yenye mizizi yake hapa Mwanza, hufanya kazi ya heshima kwa vindege vyake vya Caravan, ila Caravan haibebi tani za minofu.

Badala ya kuijenga Mwanza kuwa kitovu, tumetawanya viwanja. Chato ilipata njia ya kurukia ya kilometa 3. Musoma na Shinyanga nazo zimeingizwa kwenye mipango ya upanuzi. Kila mkoa una haki yake, na mgonjwa wa Musoma hapaswi kusafirishwa kwa barabara hadi Mwanza ili tu takwimu za Mwanza zipendeze. Lakini abiria wale wale wakigawanywa kwa viwanja vinne, hakuna hata kimoja kitakachokusanya watu wa kujaza ndege ya kwenda nje.

Hapa Bujora hesabu hiyo inasomeka kwa namna nyingine. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, yamejengwa juu ya kilima chenye mawe kwa akili nyingi: jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, ndani yake ngoma za tawala mbalimbali za Usukuma, na kanisa la jirani limechukua sura ya nyumba ya Kisukuma. Kila Juni sherehe ya Bulabo huwakusanya Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji, kushindana kwa ngoma, na watu hufurika kutoka Magu, Kwimba na Misungwi. Hawa hawahitaji ndege. Mgeni wa nje, ambaye ndiye angelipa kiingilio cha juu na kununua kinyago, kwa kawaida anaanzia Arusha. Anaruka kwa ndege ndogo hadi viwanja vya ndani ya hifadhi, Seronera au Kogatende, na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Mwanza iko karibu na lango la Ndabaka kuliko Arusha ilivyo karibu na Seronera, lakini kampuni za safari, magari yake na madereva wake wako Arusha, kwa kuwa karibu na huko ndiko ndege za kimataifa zinakotua, pale uwanja wa Kilimanjaro. Msimamizi wa makumbusho kijijini hawezi kulitatua hilo kwa kupaka rangi kibao.

Juni 2023 ilionekana mlango umefunguka. ATCL ilipokea Boeing 767 ya mizigo, na samaki wa Kanda ya Ziwa walitajwa miongoni mwa sababu za kuinunua. Njia ya Mwanza ina urefu wa kuihudumia. Kisha Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaipiga ATCL marufuku katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Ndege inaweza kwenda Dubai, Mumbai au Guangzhou, lakini mnofu mbichi wa sangara soko lake kuu bado liko Ulaya. Kwa hiyo kazi inayouhusu zaidi uwanja wa Mwanza kwa sasa haifanyiki Mwanza. Inafanyika Dar es Salaam, kwenye ofisi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambako kasoro zilizoorodheshwa na wakaguzi wa Ulaya zinapaswa kufungwa moja baada ya nyingine. Hadi orodha hiyo iishe, au hadi shirika la nchi nyingine likubali kutua Ilemela kwa bei ambayo viwanda vinaweza kulipa, malori yataendelea kujaza mafuta na kushika barabara ya Sirari.