Bati la Bisie na Deni la Walikale

Bati halichakai kwa kutumika. Lehemu ya bati inayoshika vipande vya simu na redio yaweza kuyeyushwa, ikatumiwa upya, ikayeyushwa tena. Dunia bado ni mvivu katika kazi hiyo: mwaka 2022 ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufikia robo. Lakini kadiri uvivu huo unavyopungua, ndivyo metali iliyokwisha kuchimbwa itakavyoshindana na mawe ya Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgodi wa Bisie, katika sekta ya Wanianga, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, kama asilimia 6 ya bati la dunia. Huko ughaibuni tani hizo zitazaa faida mara nyingi. Walikale inalipwa mara moja tu. Ndiyo maana fedha ambazo kampuni ya mgodi huipa jamii si sadaka. Ni malipo ya mali isiyorudi, nazo zipimwe kwa kile zitakachoacha kikizaa baada ya mgodi kufungwa.

Alphamin, yenye mgodi huo, imeahidi kutenga kwa jamii asilimia 4 ya gharama zake za uendeshaji nchini, kupitia shirika la Lowa Alliance. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 nayo inadai angalau asilimia 0.3 ya mauzo. Kupima kwa gharama kuna uzuri wake: bei ya bati ikianguka katika soko la London, mfuko wa jamii hauporomoki siku hiyohiyo. Shule na zahanati zinahitajika sana, ila hizo hula bajeti kila mwaka. Kakao, michikichi na barabara za kufikia soko huingiza fedha. Vivyo hivyo taka za mgodi wowote: vyuma chakavu vikikabidhiwa vyama vya mafundi wa kuchomelea, pamoja na mafunzo na mashine, vitakuwa majembe na milango. Mafuta machafu na kemikali ni jambo jingine. Vitu hivyo kampuni ivisafishe yenyewe, isiwabebeshe raia sumu kwa jina la msaada.

Wapo wanaosema kampuni inalipa kodi, hivyo maendeleo ni kazi ya serikali. Kweli, sheria hiyohiyo inaipa mamlaka ya mahali madini yanapotoka asilimia 15 ya mrabaha. Lakini imeweka mrabaha na mchango wa jamii kuwa madeni mawili, na kulipa moja hakufuti la pili. Pingamizi la pili, kwamba vita vitaharibu kila kitu, ni zito zaidi. Bisie ilisimamisha kazi tarehe 13 Machi 2025 kundi la waasi la M23 lilipoikaribia Walikale, ikaanza kurejea kazini Aprili. Katika eneo jirani la Masisi, mji wa Rubaya wenye koltani ulitekwa na M23 Aprili 2024, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kundi hilo lilivuna huko takriban dola 300,000 kwa mwezi. Mahali kama hapo mradi wa kampuni hauna pa kusimama. Hata hivyo jengo huporwa kwa urahisi kuliko ufundi: kijana aliyejua kuchomelea au kupandikiza kakao hukimbia na kazi yake mkononi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya asilimia 4 iende kwenye ufundi na mashamba, na hesabu zake zibandikwe kwa Kiswahili kila kijiji kinachohusika, ili raia wauulize mfuko huo maswali sasa, mgodi ukiwa bado unafanya kazi.