Saratani ya Utando wa Mapafu: Kuzipima Namna za Tiba ya Mionzi
(Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulisimulia jinsi J. C. Wagner na wenzake, mwaka 1960, walivyotangaza habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini waliopatwa na saratani ya utando wa mapafu, karibu wote wakiwa wameishi au kufanya kazi jirani na machimbo ya asbesto ya buluu. Tukabainisha kwamba vumbi lile huweza kukaa kifuani miaka 20 hadi 50 kabla ya maradhi kudhihiri. Leo, kwa majaliwa ya Mungu, tunaingia katika mlango wa tiba ya mionzi, ambayo namna zake ni nyingi, na sifa zinazotangazwa juu yake ni nyingi zaidi.

Yapasa kwanza msomaji afahamu taabu ya kazi yenyewe. Utando huo una matabaka mawili, moja likilivika pafu na la pili likitanda upande wa ndani wa mbavu, nao hushuka nyuma hadi usawa wa ini, ukapakana na moyo, umio na uti wa mgongo. Na saratani yake aghalabu haifanyi donge moja linaloweza kulengwa, bali huenea juu ya utando wa upande mzima wa kifua. Kuitibu kwa mionzi ni mfano wa kuamriwa uyachome makumvi yote yaliyoizunguka nazi, na joto lisifike katika nyama yake. Maana saratani hii hutaka kiasi cha grei 50, na grei ndicho kipimo cha mionzi inayomezwa na mwili, ilhali pafu zima huanza kudhurika lipatapo chini ya nusu ya hizo.

Namna ya kale ilikuwa kuelekeza miali miwili mipana ya fotoni, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, moyo na ini vikikingwa kwa mabamba ya risasi, kisha sehemu zilizofichwa na kinga hizo zikajaziwa kwa miali ya elektroni, ambayo haizami mbali mwilini. Ilitumika hasa kwa wale waliokwisha kuondolewa pafu pamoja na utando wake, ambao mjini New York walipewa hata grei 54. Fadhila yake ni kwamba miali iliyonyooka hivyo hailigusi sana pafu la upande wa pili. Ila yake ni kwamba pale fotoni zinapokutana na elektroni kipimo hakiwi sawasawa, na saratani ikapata mwanya wa kurejea.

Ndipo ikazuka namna ya pili, ambayo matabibu huifupisha kwa herufi IMRT. Hapa miali hutoka pande nyingi, na vijibamba vyembamba vya madini mazito huingia na kutoka katika njia ya kila mwali, vikipunguza nguvu hapa na kuiachia pale kwa hesabu ya kompyuta, hata umbo la kipimo likafuata umbo la utando. Hesabu ile ilipendeza sana juu ya karatasi. Lakini mwaka 2006 matabibu wa Boston walitangaza, kwa uaminifu unaostahili kusifiwa, kwamba katika wagonjwa 13 waliotibiwa hivyo baada ya kuondolewa pafu, 6 walifariki kwa kuvimba pafu lililosalia. Miali itokayo pande nyingi hupita mahali pengi, na kwa wale waliofariki karibu pafu lote lilikuwa limepata grei 5 au zaidi. Tangu hapo wapangaji wa tiba hawatazami tena kilele cha kipimo peke yake, bali pia wastani unaolifikia pafu zima, hata kama ni mdogo.

Ihtiyati hiyo haikuwa bure. Mwaka 2016 matabibu wa New York na Houston walieleza habari za wagonjwa 27 waliobanduliwa utando bila kuondolewa pafu, kisha wakapewa IMRT: 8 walivimba pafu, wote wakapona kwa dawa, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Nchini Italia, katika jaribio la wagonjwa 108 lililotangazwa mwaka 2021, waliopewa mionzi ya upande mzima wa kifua na kuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 58, na waliopewa mionzi ya kutuliza tu asilimia 28, ingawa madhara ya pafu hayakukosekana. Hata hivyo tusishangilie kabla ya wakati: jaribio lililoongozwa na Waswisi, lililotangazwa mwaka 2015, halikuona faida ya mionzi hiyo baada ya pafu kuondolewa, na jaribio la Uingereza la mwaka 2024 limetia shaka upasuaji wenyewe, kwani waliopasuliwa hawakuishi zaidi ya waliopewa dawa pekee.

Ama mashine inayozunguka mgonjwa huku ikimulika, hiyo ni IMRT iliyoharakishwa. Huokoa dakika, lakini hatari ya mionzi kulifikia pafu la pili ipo pale pale. Protoni zina sifa ya kweli, kwa kuwa husimama ndani ya mwili badala ya kupenya hadi upande wa pili. Lakini pumzi ya mgonjwa, au maji yanayoongezeka na kupungua kifuani, huweza kuzipotosha zisisimame panapokusudiwa, na gharama yake ni kubwa.

Imebaki tiba ya kutuliza maumivu, ambayo kwa wagonjwa wengi ndiyo inayohusika: grei 20 kwa siku 5 mahali panapouma, kazi inayowezekana hata kwa mashine ya kobalti. Ama kumulika matundu ya sindano na mirija ili saratani isimee hapo, jaribio la Uingereza la wagonjwa 203, lililotangazwa mwaka 2016, halikuona faida ya kuwafanyia hivyo wagonjwa wote.

Basi hukumu yetu ni hii: upya wa mashine si dalili ya usalama. Mgonjwa au jamaa yake amwulize tabibu mambo mawili kabla ya kukubali: je, tiba hii inakusudia kurefusha maisha au kutuliza maumivu, na pafu lililo zima litapata wastani wa grei ngapi? Tabibu mwenye mpango mzuri atakuwa na jawabu la yote mawili.

(Itaendelea)